Maswali ya Wasomaji: Ipi Nichague Kati ya Kompyuta za Gemu za Mkononi?

Safu ya toleo hili tumeitenga yote kwa ajili ya wasomaji waliouliza kuhusu kompyuta za gemu za mkononi, yaani zile mashine zenye kioo katikati na vitufe pande zote mbili, ambazo ndani yake mna kompyuta kamili inayoendesha gemu zilezile zinazochezwa kwenye kompyuta ya mezani. Barua zinazofanana tumeziunganisha, na majina ya waandishi hatukuyachapisha.

Ndugu Mhariri, nimejiandaa kununua kompyuta ya gemu ya mkononi na nimebaki na tatu za kuchagua: Steam Deck ya OLED kutoka Valve, ROG Ally X kutoka ASUS, na Legion Go kutoka Lenovo. Kila ninapozilinganisha kwa takwimu, Steam Deck inashindwa karibu katika kila mstari. Chipu yake ni ya kizazi cha nyuma, kioo chake kina nukta chache za picha (pikseli), na RAM yake ni ndogo kuliko ya Ally X. Hata hivyo wanaoimiliki huisifu kupita takwimu hizo. Je, ni mapenzi tu ya mtu kwa chombo chake, au kuna jambo ambalo takwimu hazisemi?

Jibu: Ndugu msomaji, lipo jambo. Takwimu ulizozisoma ni za kweli, lakini zimepangwa kana kwamba kila moja inajitegemea, ilhali ndani ya mashine ya mkononi vyote hula katika sahani moja, nayo ni betri. Kioo chenye nukta nyingi hudai chipu yenye nguvu, chipu yenye nguvu hudai umeme mwingi na feni ya kuipoza, umeme mwingi hudai betri kubwa, na vyote hivyo huongeza uzito ambao mikono yako ndiyo itakayoubeba. Tuzisome basi kwa pamoja.

Tuanze na kioo. Steam Deck ya OLED, yaani yenye kioo ambacho kila nukta hujiwasha na kujizima yenyewe, ilitoka Novemba 2023 na ina kioo cha inchi 7.4 chenye nukta 1280 kwa 800. ROG Ally X ya mwaka 2024 ina inchi 7 na nukta 1920 kwa 1080. Legion Go, iliyotoka mwishoni mwa 2023, ina inchi 8.8 na nukta 2560 kwa 1600. Ukizidisha utaona kwamba Steam Deck huchora nukta 1,024,000 katika kila fremu, yaani kila picha moja inayoonyeshwa, Ally X huchora 2,073,600, na Legion Go huchora 4,096,000, yaani mara nne kamili ya zile za Steam Deck. Sasa zingatia kwamba Ally X na Legion Go zinatumia chipu ileile, AMD Z1 Extreme. Legion Go imepewa kazi karibu mara mbili ya mwenzake bila kuongezewa nguvu hata kidogo, na ndiyo sababu gemu nzito huchezwa humo kwa kupunguza nukta. Jambo jema ni kwamba 1280 kwa 800 inaingia mara mbili kamili katika pande zote mbili za kioo hicho, kwa hiyo picha iliyopunguzwa hubaki safi badala ya kuwa na ukungu. Lakini ukishafanya hivyo, ile faida ya nukta nyingi iliyokuvutia kwenye takwimu imebaki kwa ajili ya gemu nyepesi na za zamani.

Kuhusu chipu zenyewe, ni kweli kwamba Z1 Extreme iko mbele. Ina viini vinane vya Zen 4 na vitengo 12 vya michoro, wakati chipu ya Steam Deck ina viini vinne vya Zen 2, kizazi cha zamani zaidi, na vitengo vinane vya michoro. Swali ni lini unaiona tofauti hiyo. Chipu ya Steam Deck imeundwa kufanya kazi kati ya wati 4 na 15, na Z1 Extreme ndani ya Ally X huruhusiwa kufika wati 25 kwa betri na 30 ikiwa imechomekwa kwenye umeme. Inapopewa wati zake zote, huiacha Steam Deck mbali sana. Ukiibana ifanye kazi kwa wati 15 au pungufu ili betri idumu, pengo hupungua, na kadiri unavyozidi kuibana ndivyo linavyozidi kufinyaa, kwa sababu viini vinane navyo vinahitaji kulishwa hata pale gemu isipovitumia vyote.

Piga hesabu mwenyewe. Betri ya Ally X ni ya wati-saa 80, ya Steam Deck OLED ni 50, na ya Legion Go ni 49.2. Chukua chipu inayotumia wati 25, kisha ongeza kioo, feni, RAM na redio ya intaneti. Si ajabu mashine nzima ikafikia wati 35. Kwa matumizi hayo Ally X itadumu takribani saa mbili na robo, na Legion Go itazimika baada ya saa moja na dakika ishirini na kitu. Steam Deck, ambayo chipu yake haivuki wati 15, hutumia umeme mdogo zaidi kwa ujumla, na Valve yenyewe hutaja muda wa saa 3 hadi 12 kutegemea gemu. Ile saa 12 ni ya gemu ndogo sana za picha bapa, kioo kikiwa kimepunguzwa mwanga; usiitegemee kwa gemu kubwa. Kwa maoni yangu, betri ndiyo sifa kubwa ya Ally X, tena kubwa kuliko chipu yake, na uzito wake wa gramu 678 ni nafuu sana kwa mashine yenye betri ya namna hiyo. Legion Go ina gramu 854 ikiwa na vidhibiti vyake. Usiudharau uzito huo kwa kuwa unaonekana mdogo kwenye karatasi. Chukua kitu chenye uzito kama huo, kishike mbele ya kifua kwa mikono miwili kwa nusu saa, kisha uamue.

Kuna jambo moja kuhusu ulaini wa picha ambalo halipati nafasi kwenye majedwali. Kioo cha Ally X hubadili mwendo wake kufuata fremu zinazotoka, kwa hiyo gemu inayocheza kwa fremu 48 au 53 kwa sekunde huonekana tulivu bila mikwaruzo. Steam Deck haina uwezo huo, lakini kioo chake cha hetzi 90, yaani kinachojichora upya mara 90 kwa sekunde, hukuruhusu kuifunga gemu kwenye fremu 45, kila fremu ikaonyeshwa mara mbili kamili, na matokeo yake yanapendeza macho kuliko 60 inayoyumba. Legion Go hii ya kwanza ina hetzi 144 lakini haifuati mwendo wa gemu. Na kwa habari ya rangi, weusi wa OLED hauna mshindani kati ya hizi tatu.

Sasa nifike kwenye kile ambacho naamini ndicho chanzo cha sifa ulizozisikia, nacho ni mfumo endeshi. Steam Deck inatumia SteamOS, ambayo imejengwa juu ya Linux, na gemu za Windows huendeshwa humo kupitia Proton, programu ambayo Valve iliitoa mwaka 2018 na ambayo hutafsiri maagizo ya Windows papo kwa papo. Mfumo huo umeundwa tangu mwanzo kwa mtu aliyeshika vitufe. Unabonyeza kitufe cha kuwasha katikati ya vita, mashine inalala. Unakibonyeza tena kesho yake, inaamka palepale risasi ilipokuwa hewani. Kwa mtu mwenye dakika 20 za mapumziko, uwezo huo una thamani kuliko fremu kumi za ziada. Ally X na Legion Go zilikuja na Windows 11, mfumo ulioundwa kwa ajili ya kipanya na kibodi, na kulala kwake kumekuwa kero inayojulikana: mara mashine imeamka yenyewe ndani ya begi na kupata moto, mara gemu imegoma kuendelea, mara dirisha la kusasisha limejitokeza mbele ya gemu na kidole chako hakilifikii vizuri.

Hali hiyo imeanza kubadilika. Tarehe 16 Oktoba 2025 ASUS na Microsoft walitoa ROG Xbox Ally na ROG Xbox Ally X, ambazo huwaka moja kwa moja kwenye ukurasa wa Xbox unaotawala kioo kizima na kuacha kupakia sehemu za Windows zisizohitajika na mchezaji. Upande wa pili, Lenovo ilianza Mei 2025 kuuza Legion Go S yenye SteamOS, mashine ya kwanza isiyo ya Valve kupewa mfumo huo rasmi. Kwa hiyo usiseme tena kwamba kuchagua SteamOS ni kuchagua Steam Deck pekee. Legion Go S ina kioo cha inchi 8 chenye nukta 1920 kwa 1200, na ile yenye chipu ya Z1 Extreme inastahili kuingia kwenye orodha yako.

Ukinitaka niamue, nitauliza mambo mawili tu: gemu zako umezinunua wapi, na unachezea wapi. Ikiwa gemu nyingi ziko Steam, duka la gemu la Valve kwenye intaneti, ni za mchezaji mmoja, na unacheza mbali na umeme, chukua Steam Deck ya OLED wala usiangalie nyuma. Ikiwa gemu zako zimetawanyika katika maduka mbalimbali ya intaneti, una usajili wa Game Pass (huduma ya gemu ya Microsoft), na unataka kupakua gemu mpya zenye picha nzito, chukua Ally X. Legion Go naipendekeza kwa mtu wa aina moja: anayetaka kioo kikubwa cha kusimamishwa mezani, kwa kuwa ina kiegemeo chake nyuma, vidhibiti vyake hung'oka, na kile cha kulia hugeuzwa kuwa kipanya cha kusimama. Kwa gemu za mikakati, ambazo huchezwa kwa kuelekeza na kubofya, mpangilio huo ni mzuri kweli.

Mhariri, salamu. Sisi ni marafiki wanne tunaocheza pamoja mtandaoni. Tunapenda Fortnite, Call of Duty na EA Sports FC, na mmoja wetu hucheza Valorant. Watatu kati yetu tunataka kununua Steam Deck. Je, tutaweza kuendelea kucheza pamoja?

Jibu: Hapana, na ni heri mmeuliza kabla ya kununua. Orodha yenu imekusanya gemu ambazo SteamOS haiwezi kuziendesha, na sababu si udhaifu wa chipu.

Gemu za mashindano ya mtandaoni huja na programu za kuzuia udanganyifu. Baadhi ya programu hizo hujichimbia hadi kwenye kitovu cha Windows, chini kabisa ambako mfumo hukutana na mashine, ili zione kila kinachoendelea na kumnasa anayetumia hila. Proton inaweza kutafsiri maagizo ya gemu, lakini haiwezi kumpa mlinzi huyo kitovu cha Windows ambacho hakipo. Wapo watengenezaji wa programu hizo waliotoa njia ya kuzitumia kwenye Linux, ila uamuzi wa kuifungulia njia hiyo unabaki kwa mwenye gemu, na wengi wanakataa kwa hoja kwamba Linux huwapa wadanganyifu mwanya. Ndiyo hali ilivyo kwa Fortnite na kwa Call of Duty za sasa. EA Sports FC nayo huzuiwa na mlinzi wa EA, na Valorant hutumia mlinzi wake aitwaye Vanguard, na kwenye kompyuta gemu hiyo huchezwa kwa Windows pekee.

Jambo linalopaswa kuwatia tahadhari zaidi ni kwamba ruhusa iliyotolewa inaweza kuondolewa. Apex Legends ilichezeka kwenye Steam Deck kwa muda mrefu, kisha mwishoni mwa Oktoba 2024 EA ikawafungia mlango wachezaji wote wa Linux. Mwezi mmoja kabla yake, Grand Theft Auto V ilikuwa imewekewa mlinzi mpya. Sehemu ya hadithi ikaendelea kuchezeka, lakini sehemu ya mtandaoni ikazimika kwa wenye SteamOS. Mtu aliyekuwa amenunua mashine kwa ajili ya gemu hizo alibaki na mashine nzima na gemu iliyofungwa. Naona wenye gemu wanawakosea wateja waliolipa kihalali, na nalisema hilo waziwazi, lakini mnunuzi lazima apange kwa hali iliyopo.

Kwa hiyo nyinyi mnahitaji mashine ya Windows: ROG Ally X, ROG Xbox Ally, au Claw 8 AI+ ya MSI, ambayo inatumia chipu ya Intel, ina kioo cha inchi 8, RAM ya gigabaiti 32 na betri ya wati-saa 80. Mwenzenu wa Valorant nina habari mbaya zaidi kwake, kwa sababu gemu hiyo kwenye kompyuta haikubali kuchezwa kwa vitufe vya padi. Hata akiwa na Windows atalazimika kuchomeka kibodi na kipanya, na hapo kompyuta ya mapajani ingemfaa kuliko mashine yoyote ninayoizungumzia hapa.

Njia ya kando ipo. Fortnite inaweza kuchezwa kwa mbali kupitia huduma kama GeForce NOW, ambapo gemu huendeshwa kwenye seva na kioo chako hupokea picha tu, na huduma hiyo ina programu yake ya Steam Deck. Inategemea intaneti yenye kasi na utulivu, na katika gemu ya kulenga shabaha hata kuchelewa kidogo huhisiwa na kidole. Kwa mchezo wa mara mojamoja inatosha, lakini kwa kikosi kinachocheza kila jioni siipendekezi. Vilevile inawezekana kusakinisha Windows kwenye Steam Deck, na Valve hutoa programu za kuiwezesha, lakini utakuwa umenunua mashine kisha ukaivua kile kilichoifanya iwe bora.

Kabla ya kununua gemu yoyote kwa ajili ya SteamOS, soma alama ambayo Valve huiweka kwenye ukurasa wa gemu: imethibitishwa, inachezeka, haikubaliki, au haijapimwa. "Inachezeka" mara nyingi humaanisha tu kwamba maandishi ni madogo au kwamba utahitaji kuita kibodi ya kwenye kioo mara moja, kwa hiyo isiwatishe.

Mheshimiwa Mhariri, mwanangu wa kiume ana miaka 11 na ananiomba Steam Deck. Ananiambia kwamba kwa kuwa ni kompyuta, ataifanyia pia kazi za shule. Rafiki yangu ananishauri nimnunulie Nintendo Switch 2. Sijui nimsikilize nani.

Jibu: Mama, mwanao amesema kweli, ila amesema nusu yake. Steam Deck ina ukurasa wa kawaida wa kompyuta nyuma ya ukurasa wa gemu, na humo anaweza kusakinisha programu ya kuandikia kama LibreOffice na kutumia kivinjari. Lakini hakuna mtoto atakayeandika insha kwenye kioo cha inchi saba kwa kubonyeza herufi mojamoja. Itabidi umnunulie kibodi, kipanya, skrini ya nje na kiunganishi cha USB-C cha kuvikutanisha, kisha utegemee kwamba akiwa ameketi mbele ya mashine yenye gemu zake zote, atafungua daftari. Kama kazi za shule ndizo zinazokusukuma, nunua kompyuta ya mapajani iliyo ya kawaida, na suala la gemu liamuliwe kivyake.

Kwa upande wa gemu, Switch 2, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025, si kompyuta. Ni mashine ya Nintendo inayocheza gemu zilizotengenezwa kwa ajili yake, na gemu ya Steam haiingii humo wala gemu ya Nintendo haiuzwi Steam. Kwa mtoto wa umri huo naiona inafaa zaidi. Ina takribani gramu 534 pamoja na vidhibiti vyake, gemu za watoto na za kucheza na wenzake chumba kimoja ni nyingi, hakuna mipangilio ya kuhangaika nayo, na simu yako inaweza kuwekewa programu ya kumpangia muda na kuona amecheza nini. Steam nayo ina mpango wa familia unaomruhusu mzazi kuchagua gemu na saa, lakini mtoto mdadisi ana milango mingi zaidi ya kupita kwenye kompyuta kuliko kwenye mashine ya Nintendo. Faida ya Steam inakuja baadaye: gemu anazozipata leo zitabaki kwenye akaunti yake na atazichezea kompyuta nyingine yoyote atakayokuwa nayo akiwa mkubwa. Akifika miaka 14 au 15, suala hili linastahili kufikiriwa upya.

Mhariri, nina ROG Ally ya kwanza yenye Z1 Extreme. Je, nibadilishe nipate yenye Z2 Extreme, au nisubiri Steam Deck mpya?

Jibu: Usibadilishe kwa ajili ya chipu. Z2 Extreme ina vitengo 16 vya michoro badala ya 12 na hufanya vizuri zaidi katika wati chache, lakini kumbukumbu inayoilisha bado ni ya aina ileile ya pamoja kati ya kichakataji na michoro, kwa hiyo ongezeko ni la wastani, si la kuifanya gemu isiyochezeka ichezeke. Sababu halali ya kubadilisha ni betri, kwa kuwa yako ni ya wati-saa 40 tu na mashine mpya za tabaka la juu zina mara mbili yake. Kuhusu Steam Deck mpya, Valve imeeleza hadharani kwamba haina nia ya kutoa toleo jipya kila mwaka kwa nyongeza ndogo, na kwamba inangoja maendeleo ya chipu yatakayoleta hatua kubwa bila kuumiza betri. Anayesubiri asubiri akiwa anacheza.

Ndugu Mhariri, uwezo wangu unaniruhusu kununua mashine iliyotumika. Nimeonyeshwa Steam Deck ya kwanza yenye hifadhi ya gigabaiti 64 na ROG Ally ya mwaka 2023. Niangalie nini, na ni ipi yenye hatari ndogo?

Jibu: Steam Deck ndiyo yenye hatari ndogo, na nitaeleza sababu. Tangu 2022 Valve imeshirikiana na iFixit, kampuni ya vipuri na maelekezo ya ukarabati, kuuza vipuri vya mashine hiyo pamoja na maelekezo ya kuvibadilisha: joistiki, feni, kioo, vitufe, hadi betri, ingawa betri imegundishwa kwa nguvu na kuing'oa kunahitaji subira. Hifadhi ya gigabaiti 64 ni ndogo na ya polepole, na gemu moja kubwa ya siku hizi inaweza isiingie, lakini inaweza kuondolewa na kuwekwa SSD (hifadhi ya kasi) ya kawaida yenye umbo fupi la 2230. Ukiwa na kadi ya microSD nzuri unaweza hata kuahirisha kazi hiyo, kwa maana gemu huchezeka vizuri kutoka kwenye kadi, ila hufunguka polepole kidogo.

ROG Ally ya 2023 ina kasoro moja inayojulikana hadharani. Kisomaji chake cha kadi kimewekwa karibu na njia ya hewa ya moto, na mwaka uleule ASUS ilikiri kwamba joto linaweza kukiharibu. Usikubali kuambiwa kwamba kinafanya kazi; nenda na kadi yako, ichomeke, kisha endesha gemu nzito kwa nusu saa mashine ikiwa kwenye nguvu yake kubwa, na ukimaliza nakili faili kubwa kwenda kwenye kadi na kurudi. Kama kisomaji ni kibovu lakini mengine yote ni mazima, mashine hiyo bado inafaa kwa sharti kwamba SSD yake inabadilishwa kwa kubwa, nayo pia ni ya umbo la 2230.

Joistiki zikague kwa utulivu katika mashine zote mbili. Fungua ukurasa wa mipangilio ya padi, ondoa vidole, na utazame ile nukta inayoonyesha mwelekeo. Ikitembea yenyewe, au ikichelewa kurudi katikati ukiiachia, joistiki imeanza kuchakaa. Zote mbili zilitoka kiwandani na joistiki za aina ya kusuguana, ambazo huchakaa kwa matumizi. Zile za Legion Go hutumia sumaku na hazisuguani kwa namna hiyo. Zipo joistiki za sumaku za kubadilishia, na kwa Steam Deck kazi hiyo inamudiwa na mtu yeyote mwenye bisibisi ndogo na mkono usiotetemeka.

Kisha laza mashine kwenye meza iliyonyooka, kifudifudi na kichalichali, na utazame mgongo wake kwa upande. Ukiona umetuna au kiungo kimeachana, betri imevimba, na hiyo usiinunue kwa punguzo lolote, kwa kuwa betri ya lithiamu iliyovimba ni hatari ya moto. Kwenye ROG Ally unaweza kwenda mbali zaidi: fungua dirisha la maagizo la Windows, andika powercfg /batteryreport, na mfumo utakuandalia taarifa inayoonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ukikuta wati-saa 40 zimeshuka hadi 30, ujue robo ya muda wako wa kucheza imeshakwenda, na muuzaji anapaswa kulijua hilo mnapopatana.

Mwisho, akaunti. Mwambie muuzaji aondoe akaunti yake na airudishe mashine kwenye hali ya kiwandani mbele yako, kisha uiwashe, uiunganishe na intaneti na uingie kwa akaunti yako kabla ya fedha kubadilisha mkono. Angalia pia kwamba inachaji kwa chaja utakayopewa: Steam Deck huja na chaja ya wati 45 na ROG Ally ya wati 65, na chaja dhaifu ya simu inaweza kuonyesha alama ya kuchaji huku betri ikiendelea kushuka wakati unacheza.